Ulimi wa Kuazima

Nyinyi mlioko jikoni,

Hafsa ameniomba niandike namna tulivyokuwa tukifanya kazi, ili vijana wapya waliotoka chuoni wasidhani humusi ilianza na blenda. Nimekubali upesi, na sababu yenyewe ni kwamba tangu nistaafu miezi mitatu iliyopita sijui mikono yangu niiweke wapi. Nimeyasugua masufuria ya binti yangu mpaka ameanza kuyaficha. Asubuhi nakwenda sokoni Mwanakwerekwe, naminya ndimu za watu, naulizia dengu, kisha narudi Mpendae mikono mitupu. Hata maneno haya nayaandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji, naandika mstari naondoka, narudi naandika mwingine.

Lakini si kustaafu peke yake kunakonihangaisha. Liko jambo nililolificha jikoni kwa miaka miwili, na mwenzenu mmoja aliumia kwa ajili yake. Baadhi yenu mlikuwepo, wengine mmesikia nusu. Nitalifikia. Nikianza nalo mtadhani sikuwahi kupika chakula kizuri hata siku moja, nami nilipika.

Siku yangu ya kwanza nilipanda ngazi za hoteli mpaka juu kabisa, ngazi ambazo hadi leo sijui idadi yake kwa sababu pumzi hunikatika kabla hesabu haijaisha. Mnazijua. Kila gunia la vitunguu, kila mtungi wa gesi, hupandishwa kwa mgongo wa mtu kwa sababu mwenye nyumba wa zamani alitaka kupunga upepo juu ya paa na hakufikiria kuwa ipo siku patapikwa chakula cha watu arubaini. Mkuu wa jiko alikuwa Ami Sleiman. Alikaa Maskati miaka mingi akimsaidia mpishi mmoja wa Kishami, akarudi Unguja na mambo mawili: upara, na mashine ya chuma ya kusagia kwa mkono, ile inayofungwa kwa skrubu ukingoni mwa meza. Salamu yangu aliijibu, akanisogezea beseni la dengu zilizorowekwa tangu jana yake.

"Fanya falafeli," aliniambia.

"Sizijui, Ami."

"Dengu, kitunguu maji, kitunguu thomu, majani ya kotmiri, bizari ya uzile. Saga, fanya madonge, kaanga." Akaenda zake kusali adhuhuri.

Nikaziangalia zile dengu. Nikajiambia, hiki ni chakula cha hoteli, wageni wanapanda ndege kuja kukila, hakiwezi kuwa kirahisi hivyo, lazima Ami kasahau kitu. Nikazichemsha. Zilipoiva nikazisaga, nikafanya madonge mazuri ya kupendeza, nikayatia kwenye karai. Hayakuelea wala hayakuzama. Yaliyeyuka. Ami aliporudi alikuta karai zima limekuwa uji wa mafuta, nami nimesimama na upawa nikitafuta donge la kumwonesha.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Mwanangu, mamako alikuwa akikaanga nini Ramadhani?"

"Bajia za kunde."

"Kunde akizichemsha?"

"La. Akiziroweka, akizifikicha zitoke maganda, akizisaga mbichi."

"Sasa nani kakwambia dengu zina cheo kuliko kunde?"

Nilicheka, na nilitaka kulia pia. Nilikuwa nimeijua kazi ile tangu utotoni, nikaiharibu kwa sababu nilidhani chakula kikiwa na jina geni basi na akili yangu haitoshi. Kila kijana mpya niliyempokea baadaye amefanya kosa hilohilo, na kila mmoja nilimwacha alifanye mpaka mwisho. Mafuta tulipoteza, lakini hakuna aliyechemsha mara ya pili.

Kuanzia hapo Ami alinifundisha kwa mikono. Falafeli huijui kwa kuitazama, unaiminya. Ukikamata mchanganyiko kiganjani ukatoa maji baina ya vidole, ongeza unga wa dengu, kijiko kimoja, subiri, minya tena. Mafuta unayasikiliza. Donge likiingia kimya, mafuta bado. Likipiga ukelele kama paka aliyekanyagwa, punguza moto. Likichemka kwa sauti moja, taratibu, usiliguse. Kotmiri usiionee choyo, donge likivunjwa lazima ndani liwe kijani.

Humusi ni mambo mengine. Hiyo ndiyo inayochemshwa, na magadi kidogo, mpaka dengu ipondeke baina ya ulimi na kaakaa. Inamenywa ingali moto, kila moja, na kazi ya kumenya dengu inachosha roho, ndiyo maana jiko zima hukaa kwenye benchi pamoja na kusengenya. Kisha inasagwa, inatiwa tahina, ule ufuta uliosagwa mpaka ukawa rojo, na ndimu, na thomu, na maji ya barafu. Maji ya barafu ndiyo yanayoigeuza rangi ikawa nyeupe. Wageni wengine wasiokula nyama wala maziwa waliwahi kutuuliza kama tumetia maziwa.

Na chumvi. Chumvi ya humusi Ami hakuipima kwa kijiko, kwa sababu ndimu za mti mmoja hazifanani, tahina ya duka hili si ya duka lile. Alionja mara tatu: kavu, kisha na kipande cha mkate, kisha baada ya kunywa maji. Halafu akisema, "Itoke." Bila ya neno hilo hakuna bakuli lililoshuka ngazi. Angesubiri mgeni, angesubiri meneja, angesubiri waziri. Mkuu wa jiko hajaonja, chakula hakitoki. Hiyo ndiyo sheria ya jiko letu, hamkuikuta imeandikwa popote, lakini mnaifuata.

Mambo haya hayakubaki hotelini. Kila Jumatano wafanyakazi tulikula falafeli ndani ya mkate wa ufuta, na kachumbari, na humusi imepakwa ndani. Nami nikaanza kupika kwangu. Watoto wangu walikua wakiamini kuwa humusi ni chakula cha Mpendae. Nilipopeleka sinia la falafeli kwenye shughuli ya jirani, bibi mmoja alilivunja donge, akaona kijani, akalirudisha sahanini.

"Bi Zuwena, bajia hizi zimeota ukungu?"

"Kotmiri hiyo, bibi."

"Nyama iko wapi?"

"Haina nyama."

"Ah." Akala sita. Mwaka uliofuata alinitumia mtu kuja kuniuliza kama ntaleta tena, na akasisitiza zisiwe na nyama, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Sasa nakuja kwa Anjelina.

Anjelina alikuwa muosha vyombo wetu. Babu yake alitoka bara kuja kufanya kazi ya useremala, yeye kazaliwa mjini hapa, na jikoni kwetu alikuwa Mkristo peke yake. Mwaka mzima aliosha sufuria na kukatakata mboga. Lakini Ramadhani ikiingia, sisi sote tumefunga na wageni wanakula, akawa mtu mkubwa kuliko sote. Najua ruhusa ipo, mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Ami alikataa. "Mimi nnajijua," alisema, "nikishaonja nitameza." Kwa hivyo aliyeonja ni Anjelina. Alipewa kijiko safi, akageuka kuelekea ukutani ili tusimwone akitafuna, kwa adabu yake tu, hakuna aliyemwambia. Akarudi akasema, "Chumvi," au "Ndimu," au "Itoke." Muosha vyombo alisema itoke, na mkuu wa jiko aliitoa. Yeye naye Kwaresima yake ikifika aliacha nyama, siku arubaini mchana wake ni falafeli na humusi, na Ami alimsagia mwenyewe, thomu nyingi kama alivyopenda.

Ami alipozeeka akaondoka, jiko nikaachiwa mimi. Ya vyeo hayana utamu, nayapita.

Nimekwenda kuzima jiko hapa nyumbani, nikakuta halikuwashwa. Basi tuendelee.

Miaka michache nyuma nilipata homa, mafua makali, siku kumi kitandani. Nikapona. Kitu kimoja hakikurudi. Nilikunywa chai ya tangawizi nikasikia maji ya moto. Nilitafuna thomu mbichi, nikalamba chumvi kiganjani, nikanywa siki, yote mamoja. Daktari alisema nisubiri, wengine hurudiwa, wengine hapana. Mpishi asiyesikia ladha! Sikumwambia mtu. Kazi ndiyo iliyokuwa ikinisimamisha, na nilijua siku nitakayotamka neno hilo, kesho yake nitakuwa mtu wa kupangusa meza.

Na Ramadhani ikaingia. Mtanisamehe, niliipokea kwa furaha isiyokuwa ya ibada. Mwezi mzima hakuna aliyetarajia nionje. Anjelina aligeukia ukuta, akasema lake, nami nikarudia kwa sauti. Nilisali tarawehe nikiomba ulimi urudi kabla mwezi haujaandama. Haukurudi.

Siku ya pili baada ya Idd, Hafsa alitengeneza humusi ya mchana. Alikuwa mgeni wakati ule, mwaka wa kwanza, hodari na kimya. Akanisogezea bakuli na kijiko. Jiko zima limesimama, linanitazama. Nikaonja kavu, nikaonja na mkate, nikanywa maji nikaonja tena. Ilikuwa kama ninalamba chokaa. Nikajiambia, bila shaka haina chumvi, ningeisikia. Nikageukia upande wa sinki, mgongo kwao, nikatia chumvi vidole vitatu. Nikaonja. Nikatia tena. Nikasema, "Itoke."

Haikuchukua muda mabakuli yakapanda ngazi yakirudi, yote manne. Mhudumu akasema wageni wanauliza kama humusi imetiwa maji ya bahari. Nikageuka, na wallahi sikufikiri, mdomo ulitangulia.

"Hafsa! Umetia chumvi mara mbili!"

Akafungua mdomo. Alijua ametia mara moja. Alinitazama, akatazama bakuli, akafunga mdomo. Kwa umri wangu na cheo changu, angewaambia nini watu? Aliingia stoo, na nilimsikia akilia nyuma ya magunia ya mchele. Na mimi, ili uongo wangu usimame vizuri, nikamtoa kwenye humusi nikampeleka kukata kachumbari. Alikata kachumbari miezi sita. Kila aliyeingia jikoni aliambiwa, huyu ndiye Hafsa wa chumvi.

Jioni ile Anjelina aliniita kwenye sinki.

"Shoga, nimeuona mkono wako. Umetia mara mbili."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta vijiko.

"Husikii ladha, eti?"

Nikatikisa kichwa. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia. Akamaliza kusugua sufuria, kisha akasema, "Basi ntakuazima wangu. Lakini yule mtoto mwambie ukweli."

Nikamjibu nitamwambia.

Kwa miaka miwili nilipika kwa ulimi wa Anjelina. Bakuli lilipita kwanza kwenye sinki, eti anafuta ukingo. Akigonga sinki mara moja, chumvi. Mara mbili, ndimu. Akifungua bomba, itoke. Mimi nilionja mbele ya watu kama kawaida, mara tatu, nikakunja uso, nikaongeza alichoagiza. Watu walinisifu kuwa sikosei. Kila sifa ilinichoma, na bado niliitaka. Hafsa nilimrudisha kwenye humusi bila maneno, nikadhani hiyo inatosha. Haikutosha, na nilijua. Nilipokaa naye kwenye benchi kumenya dengu nilikuwa wa kwanza kuinuka.

Halafu likaja agizo la Fumba, kwenye zile nyumba mpya. Bibi harusi alikuwa mwalimu wa chuo Tunguu, hali nyama tangu mdogo. Nikaha ilishapita, biriani la wazee lilishaliwa. Hii ilikuwa pati yake na marafiki, nayo aliitaka iwe ya humusi na falafeli tupu, masinia kwa masinia. Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi hiyohiyo Anjelina alikuwa na kipaimara cha mjukuu wake bara. Aliniambia mwezi mzima kabla. Kila wiki aliniuliza, "Umeshamwambia Hafsa?" na kila wiki nilimjibu, "Bado, lakini ntamwambia." Siku anaondoka hakuniuliza tena, aliniangalia tu, akachukua mkoba wake.

Fumba tulifika mimi, Hafsa na wahudumu wawili. Falafeli hazikunitisha, hizo nilikuwa nazo kwenye viganja na masikio. Niliminya, nilikaanga, zikatoka kijani kama inavyotakiwa. Humusi tuliisaga palepale, beseni kubwa jeupe. Watu wameshasali alasiri, viti vimejaa, mama wa bibi harusi amekuja mara mbili kuchungulia. Hafsa akatia chumvi, akatia ndimu, akachota kijiko akanipa.

Nilikishika kile kijiko. Nilifikiria kusema itoke na kumwachia Mungu. Ilikuwa harusi ya mtu. Na ikirudi, nilijua mdomo wangu ungetafuta jina la nani.

"Hafsa, onja wewe."

"Mimi? Bi Zuwena, mimi si mkuu wa jiko."

"Mimi sisikii ladha. Tangu ile homa."

Alicheka kidogo, alidhani namtania. Aliponiona sicheki, kicheko kikamkatika. Nikaona anahesabu nyuma, homa, Ramadhani, Idd.

"Basi ile chumvi," alisema.

"Yangu. Wewe ulitia mara moja. Mimi nikaongeza mara mbili."

"Unajua nilimwambia mama nnaacha kazi?"

"Sikujua."

"Nililala na kuamka nikijiuliza kama mimi ni mwendawazimu. Nilikuwa na yakini nimetia mara moja. Nikaanza kutoamini mkono wangu mwenyewe, Bi Zuwena. Mpaka leo nikitia chumvi nnahesabu kwa sauti."

Ni kweli. Nilikuwa nikimsikia kila siku akinong'ona, "moja," na nilidhani ni mazoea tu.

Mama wa bibi harusi alichungulia mara ya tatu. Hafsa akachukua kijiko mkononi mwangu, akaonja kavu, akaonja na mkate, akanywa maji akaonja tena. Machozi yalikuwa yanamshuka na aliyaacha yashuke.

"Inataka ndimu moja," alisema. Akaikamua. Akaonja. "Itoke."

Ikatoka. Masinia yalirudi matupu, na bibi harusi alikuja nyuma kutushukuru akamkumbatia Hafsa, mimi nikakoroga sufuria tupu. Tulirudi mjini, yeye kakaa mbele, mimi nyuma na masinia.

Jumatatu sikungoja. Niliwakuta wote kwenye benchi wanamenya dengu, Anjelina amesharudi yuko kwenye sinki. Nikasimama katikati, nikasema, "Sikilizeni. Ile humusi ya chumvi ya baada ya Idd, iliyorudi, niliiharibu mimi. Hafsa hakukosea. Mimi sina ladha tangu homa ile, nimekuficheni, na nimemsingizia mwenzenu mbele yenu. Ndiyo maana nasema mbele yenu. Kuanzia leo anayeonja ni Hafsa."

Mmoja wenu alikohoa. Anjelina alifunga bomba ili pawe kimya. Hafsa hakuinua uso, vidole vyake viliendelea, ganda huku, dengu kule.

"Hafsa," nilimwita. "Umenisamehe?"

Alimaliza dengu iliyokuwa mkononi.

"Bado, Bi Zuwena," alisema. "Chukua bakuli, dengu nyingi hizi."

Nikachukua bakuli, nikajipenyeza baina yake na ukuta, nikamenya. Machozi yalinitiririka mpaka mwisho wa beseni, na hapakuwa na kitunguu hata kimoja cha kusingizia.